Vistari Kumi na Kimoja

Bi Hakiki hakuwa mtu wa kupendwa, na jambo hilo halikumnyima usingizi. Alikuwa karani wa kumbukumbu katika ofisi ya hali ya hewa, chumba namba tisa, ghorofa ya pili, kile chenye mlango unaofunguka kwa kusukumwa na bega. Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye faili. Wenzake walimbatiza Bi Hakiki kwa sababu neno hilo lilimtoka kinywani mara nyingi kuliko salamu. Ukimpelekea hesabu ya mvua, "Umehakiki?" Ukimpelekea barua ya ruhusa, "Umehakiki tarehe?" Mhudumu wa chai aliwahi kumwambia kuwa chai ina sukari, naye akaulizwa swali lile lile, na akarudi jikoni akiwa hana uhakika tena.

Alidharau watu kwa zamu. Asubuhi iliwahusu watabiri wa ghorofa ya tatu, ambao walitangaza mvua redioni kisha wakaja kazini bila mwavuli. Mchana uliwahusu wakubwa wa ghorofa ya nne, ambao kazi yao, kwa kadiri alivyoweza kuona, ilikuwa kutia saini vitu ambavyo hawakuvisoma. Jioni, nyumbani, aliketi mbele ya televisheni na kumkosoa msoma habari kila alipoonyesha mkono kaskazini huku akitaja kusini. "Nyani haoni kundule," alipenda kusema, kila alipomkamata mtu na kosa, na alilisema kwa raha kama mtu anayetafuna kitu kitamu.

Tusimwonee, haki ya kuringa alikuwa nayo. Kwa miaka thelathini na mmoja hakuna aliyewahi kumkuta na tarakimu iliyokosewa. Siri yake ilikuwa mtindo wa kazi aliojitungia mwenyewe alipokuwa msichana. Kila fomu iliyokuja kutoka vituoni aliikunja upande wa kulia, ili macho yake yasivutwe na maandishi ya pembeni, kisha akaweka rula ya mbao chini ya mstari, akaisoma tarakimu mara mbili kwa sauti, ndipo akaiingiza kwenye kompyuta. Makarani wapya walipokuja aliwafundisha kukunja. Wasiokunja hawakudumu chumba namba tisa.

Mwaka wake wa mwisho kazini, ofisi ikaamua kuchora ramani ya vimbunga. Wazo lilikuwa zuri, na kwa hiyo Bi Hakiki aliamini kwamba halikutoka ghorofa ya nne. Ukanda wote wa pwani pamoja na nchi ya nyuma yake ulikatwa miraba, kila mraba na kituo chake cha kupimia hali ya hewa. Vituo hivyo vilikuwa vimeleta fomu kila mwezi kwa miaka mingi, na kila fomu ilikuwa na mstari kwa kila siku: mvua kiasi gani, joto kiasi gani, na upepo mkali kuliko wote wa siku hiyo ulifikia kiwango gani. Kompyuta ingehesabu mara ngapi upepo ulifika kiwango cha kimbunga, kisha mraba upakwe rangi. Vimbunga vichache, njano. Vikizidi, rangi ya chungwa. Vikiwa vingi, nyekundu. Mraba usiowahi kupigwa ungeachwa mweupe.

Ramani ilipotoka, upande wa kaskazini ulikuwa mwekundu wote isipokuwa mraba wa kumi na saba. Huo ulikaa katikati ya wekundu ukiwa mweupe pe, kama pengo kwenye meno.

Mtu mwenye akili timamu angejiuliza. Vimbunga vinapita kushoto, vinapita kulia, vinapita mbele na nyuma, halafu vinafika hapo vinasema hodi na kurudi? Lakini ghorofa ya nne ilikuwa na Daktari. Daktari huyu hakuwahi kumtibu hata mtu mwenye mafua. Udaktari wake ulikuwa wa vitabu. Aliutazama mraba mweupe, akautazama mlima mmoja mdogo ulio kaskazini yake, akaandika makala ya kurasa arobaini kuhusu kinga ya asili. Mlima ule, alisema, unaugawa upepo kabla haujafika. Makala hiyo ilimpandisha ndege mara tatu. Wenye mlima wao, ambao mbuzi walikuwa wakiupanda na kushuka bila kuhema, hawakuulizwa.

Wakubwa wakaisoma makala, au tuseme waliusoma muhtasari wake, wakaamua kwamba shule mpya ya bweni ya wasichana ijengwe ndani ya mraba mweupe. Mabinti mia mbili wangelala hapo. Na kwa kuwa hapakuwa na vimbunga, mapaa yangekuwa ya mabati mepesi, kwa misumari ya kawaida. Mwalimu wa bweni alikwishateuliwa na kuhamia huko pamoja na mtoto wake wa miaka minne. Mwalimu huyo alikuwa kitinda mimba wa Bi Hakiki.

Bi Hakiki alifurahi. Binti yake angeishi mahali salama kuliko pote kaskazini, na usalama huo ulithibitishwa na tarakimu ambazo yeye mwenyewe alizihakiki. Zaidi ya hayo, siku ya kuzindua ramani ingekuwa pia siku ya kumuaga, na tayari alikwishaona cheti chake kwenye meza ya katibu muhtasi. Kiliandikwa kwa wino wa dhahabu: miaka thelathini na mmoja bila kosa. Alikihakiki kwa jicho la pembeni, akakuta hakina kosa pia.

Wiki tatu kabla ya uzinduzi, saa ya chakula cha mchana, binti yake akapiga simu.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mjukuu wangu anakula?"

"Anakula mpaka anatutisha. Mama, nina swali la kazini kwako. Hivi una hakika huku hakuna vimbunga?"

"Ramani inasema hakuna."

"Mbona kila nyumba ina kamba ya chuma juu ya paa? Inapita juu, inashuka huku na huku, inafungwa kwenye mawe yaliyozikwa ardhini. Hata banda la kuku limefungwa."

"Labda wanaogopa wezi wa mabati."

"Mwizi gani huyo wa kubeba paa la kuku, mama? Nimemuuliza jirani yangu, fundi cherehani mmoja mtu mzima. Akacheka. Akaniambia, mwalimu, shule yenu inapendeza, na itaendelea kupendeza mpaka upepo uje."

"Watu husema mengi," alijibu Bi Hakiki kwa ukali. "Sisi tunakwenda na vipimo. Fundi cherehani apime nguo."

Akakata simu akiwa amekasirika, lakini banda la kuku halikumtoka kichwani. Mtu anaweza kufunga nyumba yake kwa kamba ya chuma kwa woga tu, au kwa kuiga jirani. Kamba ya chuma si kitu cha kuchezea, na hakuna anayeipoteza kwa kuku bila sababu. Akawaza hayo mpaka chai yake ikapoa. Kisha akachukua ufunguo wa stoo ya chini, akaenda kuhakiki.

Stoo ilikuwa na harufu ya karatasi zilizolala na dawa ya mende. Fomu za mraba wa kumi na saba zilikuwa kwenye sanduku la rafu ya chini kabisa, miaka kumi na tisa ya fomu, kwa kuwa kituo hicho kilifungwa baadaye. Alikuwa amebeba orodha ya tarehe ambazo miraba ya jirani ilipigwa na vimbunga. Akaketi juu ya kiti kisicho na mgongo, akaitafuta tarehe ya kwanza.

Kwenye safu ya upepo hapakuwa na sifuri. Palikuwa na kistari, kidogo, kilichochorwa kwa rula.

Akaitafuta tarehe ya pili. Kistari. Ya tatu, kistari. Siku za kawaida zote zilikuwa na tarakimu nzuri za mkono uliotulia, na siku ambazo kaskazini yote ilikuwa ikipeperuka, mwangalizi wa kituo aliandika kistari. Vyote pamoja vilikuwa kumi na kimoja. Ndipo Bi Hakiki akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika maisha yake ya kazi. Akaukunjua ule upande wa kulia wa fomu.

Safu ya mwisho iliitwa Maelezo. Mwangalizi alikuwa ameijaza kwa herufi kubwa, zinazosomeka hata bila miwani. "KIFAA CHA UPEPO KIMESHUSHWA SAA NNE ASUBUHI KWA MUJIBU WA WARAKA. UPEPO UMENG'OA PAA LA ZAHANATI NA KULIWEKA UWANJANI. KIFAA KI SALAMA." Miaka miwili baadaye: "KIFAA KIMESHUSHWA KWA MUJIBU WA WARAKA. MITI YOTE YA BARABARA YA JUU IMELALA. NG'OMBE WAWILI HAWAJAONEKANA. KIFAA KI SALAMA." Na nyingine, ambayo aliisoma mara mbili kwa sauti kama ilivyokuwa desturi yake: "KIFAA KIMESHUSHWA. NYUMBA YA MWANGALIZI IMEKWENDA. KIFAA KI SALAMA."

Waraka huo aliukumbuka. Ulitoka ghorofa ya nne enzi hizo, ukiwaagiza waangalizi wote kulinda mali ya umma kwa kushusha kipima upepo kila upepo unapozidi. Yaani kifaa kinunuliwe cha kupima upepo mkali, kisha ukija kifichwe ndani, kama mwavuli unaotunzwa usilowe. Vituo vingine vyote viliupuuza waraka, kwa uvivu zaidi kuliko kwa akili, vifaa vyao vikabaki juu na kuandika vimbunga. Mtu mmoja tu katika ukanda mzima alitii, na huyo ndiye aliyeonekana hana vimbunga.

Angeweza kucheka hapo, na kwa kweli alianza kucheka. Kisha macho yakashuka chini ya fomu, penye maneno "Imeingizwa na". Saini ilikuwa yake. Katika fomu zote kumi na moja ilikuwa yake.

Akakumbuka. Kompyuta za kwanza zilikuja akiwa katika mwaka wa nne kazini, na mashine ile haikukubali kistari. Ilipiga kelele na kugoma. Akamwendea mkuu wake wa wakati huo, akamwuliza afanye nini. Mkuu alikuwa anakula karanga. "Weka sifuri," alisema, bila kuinua kichwa. Bi Hakiki akaweka sifuri, akaihakiki mara mbili, akaenda mstari uliofuata. Mkuu yule alikwishafariki, na marehemu ni mtu mzuri wa kutupiwa lawama kwa kuwa hajibu. Lakini marehemu hakumwambia aikunje fomu. Hiyo ilikuwa akili yake mwenyewe, na kwa akili hiyo aliwafundisha wengine pia.

Alikaa stoo mpaka miguu ikafa ganzi. Aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayochoma masikio. Miaka yote alikuwa akiwacheka wanaotia saini bila kusoma.

Kesho yake alipanda ghorofa ya nne na fomu zake. Mkurugenzi alimpokea akiwa anachagua rangi ya utepe wa uzinduzi, na Daktari alikuwapo akimsaidia, kwa kuwa kazi hiyo iliwafaa wote wawili.

"Mkuu, mraba wa kumi na saba si mweupe," alisema Bi Hakiki. "Kuna sifuri kumi na moja ambazo si sifuri. Ni siku ambazo kifaa kilishushwa. Vimbunga vilikuwapo."

"Vilikuwa na nguvu kiasi gani?" aliuliza Daktari.

"Haijulikani. Kifaa kilikuwa ndani."

"Kwa hiyo vipimo havipo." Daktari akatabasamu kwa upole wa kukera. "Mama, sayansi haiwezi kuchora ng'ombe waliopotea."

"Na hizo sifuri," Mkurugenzi akauliza, "nani aliyeziingiza?"

Hapo ndipo palipokuwa na mlango, na ulikuwa wazi. Bi Hakiki akautazama utepe. "Ziliingizwa zamani," akasema.

Ziliingizwa. Kana kwamba zilijiingiza zenyewe, kama mchwa. Yeye aliyewahi kumrudishia mtabiri ripoti nzima kwa sababu imesema "ilionekana" bila kusema nani aliona, leo alijificha nyuma ya neno lile lile. Na Mkurugenzi hakuwa mjinga kiasi hicho. Akiona mwanya anaupita. "Za zamani, na aliyeziingiza hajulikani," alisema. "Basi hatuwezi kubomoa ramani iliyokwishachapwa kwa maneno ya pembeni ya mtu ambaye hata hatumjui. Nenda kapumzike, mama. Cheti chako kimependeza."

Akashuka ngazi akiwachukia, na kwa mara ya kwanza chuki yake haikumpa raha, kwa sababu alijua imepungukiwa na mtu mmoja.

Nakala mia tatu za ramani ziliwekwa chumba namba tisa zikisubiri siku. Bi Hakiki akanunua penseli nyekundu. Kwa siku nne, kila saa ya chakula, alifunga mlango kwa bega na kuupaka mraba wa kumi na saba, ukubwa wake kama ukucha wa kidole gumba, nakala baada ya nakala. Alitumaini kwamba mtu angeona na kuuliza, na maswali yangeanza yenyewe, na ukweli ungejitokeza bila kuhitaji kushikwa mkono. Huo ndio uliokuwa ushujaa wake. Mabinti mia mbili, mwanawe na mjukuu wake, naye akawatetea kwa penseli.

Siku ikafika. Ukumbi ulijaa, mgeni rasmi akachelewa kama inavyotakiwa, ramani zikagawiwa. Bi Hakiki aliketi safu ya pili katika gauni lake la kijani, akiwatazama watu wakifunua. Haikuchukua muda. Mwandishi wa gazeti mmoja akanyoosha mkono.

"Mkurugenzi, makala ya Daktari inasema mraba wa kumi na saba ni mweupe. Hapa ni mwekundu, tena umepakwa kwa mkono. Kuna maana gani?"

Mkurugenzi akaitazama ramani yake. Akamtazama Daktari, Daktari akaitazama dari. Kisha Mkurugenzi akainua kichwa, na uso wake ukang'aa, kwa maana mtu huyu vipimo vilimshinda lakini maneno hayakumshinda kamwe.

"Swali zuri sana," alisema. "Mraba huu tumeupaka kwa mkono, nakala moja moja, kwa heshima ya pekee. Hapa ndipo itakapokamilika shule yetu ya wasichana, mahali salama kuliko pote. Wekundu huu ni wa upendo."

Ukumbi ukapiga makofi. Mgeni rasmi akapiga kwa mikono iliyoinuliwa. Kazi ya Bi Hakiki ya siku nne ilikuwa imegeuzwa pambo mbele ya macho yake, na sasa mraba ule ulikuwa salama maradufu. Makofi yalikuwa hayajaisha alipoitwa mbele kupokea cheti.

"Miaka thelathini na mmoja," Mkurugenzi alisoma, "bila kosa hata moja."

Alikipokea, akakigeuza, akakiweka juu ya meza. Kipaza sauti kilikuwa karibu. Akafungua mkoba, akatoa fomu zile.

"Nashukuru," alisema. "Lakini cheti hiki hakikuhakikiwa. Nina makosa kumi na moja, na yote yako kwenye mraba mliopigia makofi. Nyekundu hiyo nimeipaka mimi, na si ya upendo. Ni ya vimbunga."

Mkurugenzi akasogea. "Mama amechoka kidogo..."

"Sijachoka. Nimekuwa mwoga, ni jambo lingine. Uliniuliza nani aliingiza zile sifuri, nikakwepa. Ni mimi. Saini yangu hii hapa. Mwangalizi aliandika kistari, kwamba hakupima, mimi nikaandika sifuri, kwamba upepo haukuwapo. Sababu aliieleza, nami sikuisoma." Akavaa miwani, akasoma fomu moja baada ya nyingine: paa la zahanati, miti ya barabara ya juu, ng'ombe wawili. Alipofika kwenye nyumba ya mwangalizi imekwenda, kifaa ki salama, kuna mtu alicheka nyuma, kisha akaacha.

Mgeni rasmi akauliza, "Sasa upepo wenyewe ulikuwa na nguvu gani?"

"Hakuna anayejua, mheshimiwa. Ila binti yangu anaishi hapo na mwanawe, na watakuja mabinti wa watu mia mbili, na paa lao limewekewa misumari ya kawaida. Wenyeji wa hapo wamefunga mabanda ya kuku kwa kamba ya chuma. Mimi ningewauliza wao."

Hakukuwa na makofi. Mwandishi wa gazeti alikuwa anaandika mbio.

Kilichofuata kilikuwa kama vinavyofuata siku zote. Kamati iliundwa. Kamati ikaunda kamati ndogo. Kamati ndogo ikasafiri kwenda kuzitazama kamba za chuma na kurudi na picha za mbuzi. Lakini mwandishi alikwishaandika, wazazi wa mabinti wakasoma, wakaenda kuketi mbele ya ofisi mpaka mtu wa ghorofa ya nne akatia saini, na safari hii walisimama juu yake mpaka asome. Mapaa yakavuliwa, yakawekwa mazito, yakafungwa kwa nyaya zilizozamishwa kwenye zege. Ramani ikachapwa upya. Daktari akaandika makala nyingine, kuhusu hatari iliyofichika ya mraba wa kumi na saba, na akapanda ndege mara ya nne.

Cheti kilibaki mezani ukumbini, na mhudumu wa chai alikitumia kuwekea birika.

Bi Hakiki alistaafu kimya. Mwezi wa pili akaenda kumtembelea binti yake. Akayaona mapaa, akauvuta waya mmoja kwa mkono, akaona umekaza. Mjukuu wake alimwonyesha kuku na nyumba yao iliyofungwa. Jioni hiyo binti yake akamwambia, "Mama, yule fundi cherehani, jirani yetu, ndiye aliyekuwa mwangalizi wa kituo. Nilikuwa sijui."

Asubuhi akavaa lile gauni la kijani, akavuka barabara. Kilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa mbao wa vipande viwili, na mashine iliyokaa penye mwanga. Fundi alikuwa anashona sare ya shule, mguu ukienda, nyuzi za buluu zimemjaa gotini. Juu ya rafu, kati ya vitambaa, kilikuwapo kipima upepo, vikombe vyake vitatu vinang'aa, hakina hata mkwaruzo. Ukutani palikuwa na barua iliyogongomewa pamoja na vipande vya mitindo ya mashati. Bi Hakiki aliisoma akiwa amesimama mlangoni. Ilisema kwamba kituo kinafungwa na kazi ya mwangalizi inakoma, kwa kuwa katika miaka kumi na tisa hakijawahi kuandika kimbunga hata kimoja.

Hilo hakulijua. Stoo haikuwa na nakala ya barua hiyo, au ilikuwa nayo na hakuihakiki.

"Shikamoo, mzee wangu," alisema.

"Marahaba. Karibu. Wewe ndiwe mama yake mwalimu?"

"Ndimi. Na ndimi niliyekuwa nikipokea fomu zako kule makao makuu. Vistari vyako niliviandika sifuri. Vyote. Nimekuja kukuomba radhi."

Mguu wa fundi haukusimama. Alimaliza mshono wa bega, akageuza kitambaa, akaanza wa pili.

"Nilisikia, watu walisoma gazetini," alisema. "Kwa kistari sikulaumu, mashine nazo zina yake. Lakini mbona niliandika na maelezo?"

"Nilikuwa naukunja upande ule," alisema Bi Hakiki, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Ili nisikosee tarakimu."

Fundi akakata uzi kwa meno. Akaikunjua sare, akaitazama kwenye mwanga, mishono yote, ndani na nje.

"Siku ile nyumba yangu ilipokwenda," alisema, "niliandika nikiwa nimeketi chini, mvua inanipiga, kifaa nimekifunika kwa shati langu. Nikatumia herufi kubwa ili msipate shida. Nilidhani huko mna watu wanaosoma."